Kutoka Mabwawa ya Ruai Kuufuata Mto Athi

Niliondoka Nairobi asubuhi kwa Barabara ya Kangundo kuelekea Ruai, ambako majitaka ya sehemu kubwa ya jiji husafishwa katika mabwawa yanayoitwa ya Dandora, ingawa yako mbali na mtaa huo. Nilitaka kuona maji yanatendewa nini kabla ya kuingia Mto Nairobi, ambao humiminika katika Athi; na Athi, baada ya kuungana na Mto Tsavo, huitwa Galana, kisha Sabaki, hadi Bahari ya Hindi karibu na Malindi.

Kwenye lango la maji kuna vyuma vinavyonasa matambara na plastiki, halafu mchanga hutuamishwa. Harufu ni kali zaidi kwenye mabwawa ya kwanza, yenye kina kirefu na yasiyo na hewa, ambamo tope huzama na bakteria wasiohitaji oksijeni huanza kuumeng'enya uchafu huku mapovu ya gesi yakipanda juu. Kutoka hapo maji hupita katika mabwawa mapana, yenye kina kifupi zaidi, yaliyojaa mwani wa kijani kibichi: mwani hutoa oksijeni mchana, na bakteria wengine huitumia kumaliza uchafu uliobaki. Mzee mmoja aliyefanya kazi hapo kwa muda mrefu alinieleza huku akinionyesha bata waliotanda majini.

"Hapa mfanyakazi ni jua," alisema. "Ukiyaharakisha maji, umeyatoa yakiwa bado machafu."

Ndivyo ilivyo. Katika mabwawa ya mwisho, mwanga wa jua huua vijidudu vya maradhi, na mayai ya minyoo huwa yameshazama kwa kuwa maji yametulia siku nyingi. Tope likiachwa kujaa bwawani, nafasi hupungua, maji hupita upesi, na kazi hiyo yote huharibika. Kwa hiyo kuondoa tope ni sehemu ya kuulinda mto.

Kanuni za Kenya za mwaka 2006 zilitaka maji yanayorudishwa mtoni yasihitaji zaidi ya miligramu 30 za oksijeni kwa lita ili uchafu wake uoze. Kipimo hicho kina uzito kwa samaki, kwani uchafu ukiozea mtoni hula oksijeni wanayoivuta.

Nilipofika Fourteen Falls, maporomoko ya Mto Athi karibu na Thika, niliona povu jeupe chini yake. Wengi huyalaumu mabwawa moja kwa moja, nami naona lawama hiyo haijakamilika, kwa maana Mto Nairobi umeshapita katikati ya jiji ukipokea majitaka ya nyumba zisizounganishwa na bomba lolote. Mtambo hausafishi maji yasiyoufikia.

Huko Makueni, Athi unapokutana na Mto Thwake, linajengwa bwawa kubwa la maji ya kunywa, umwagiliaji na umeme. Maji yakisimama, naitrojeni na fosforasi, ambazo mabwawa kama ya Ruai huzipunguza kwa sehemu tu, hurutubisha mwani na gugumaji. Ndiyo sababu ningependa mabomba ya majitaka ya mitaa ya Nairobi yahesabiwe kuwa sehemu ya ujenzi wa bwawa hilo, yapewe fedha na tarehe za kukamilika kama kuta zake, maana wakulima wa kandokando ya mto tayari wanavuta maji hayohayo kwa pampu kumwagilia mboga.