Mzio: hana

Jioni ya kuamkia upasuaji nilimuuliza mgonjwa kama kuna dawa inayomdhuru. Akafikiri kidogo. "Dawa hapana, daktari. Ila kuna siku walinipangusa mkono kabla ya sindano, nikawashwa mpaka kesho yake." Nikamwambia hiyo ni ngozi tu. Kwenye fomu nikaandika: Mzio, hana.

Asubuhi nilimlaza kwa dawa ya usingizi, akalala vizuri. Bomba la hewa liliingia bila tabu, nikampa sefazolini ya kuzuia maambukizi, sista akamwekea mpira wa mkojo kwa jeli, tumbo likapakwa iodini, mashuka yakatandazwa. Mpasuaji ndiyo kwanza amekata ngozi, presha ikaporomoka: ya juu ikawa 62. Damu haikuwepo ya kulaumu. Nikampa efedrini ya kupandisha presha, haikutikisika. Nikarudia, vilevile. Mapigo yalifika 140, kaboni dioksidi ya pumzi ikawa inashuka, na mfuko wa hewa nikiubana unagoma, kifua kimekaza. Dalili zote zilikuwa mbele yangu, nami nikasumbuka kukagua waya za mashine.

Daktari wangu mkuu aliingia, akatazama kioo cha mashine mara moja. "Funua shuka." Mapaja yalikuwa mekundu, yamejaa mabaka yaliyovimba. Nilikuwa nikingoja ngozi inipe habari, kumbe nimeifunika mwenyewe.

Nikataja dawa ya mzio na steroidi. "Hizo baadaye. Adrenalini, sasa." Ampuli ya miligramu 1 tukaizimua mpaka mililita 10, tukampa nusu mililita kwenye mshipa, yaani mikrogramu 50. Oksijeni asilimia 100, miguu juu, dripu mbili zikibanwa kwa mikono. Dozi ya tatu ndiyo iliyoleta mabadiliko; mfuko ukalainika viganjani mwangu kabla hata presha haijapanda. Sijawahi kufurahia kitu laini namna ile. Mpasuaji alifunga alipofikia.

Tulichukua damu ya kupima triptasi alipotulia tu, tena baada ya saa moja na ushei, na kesho yake. Kimeng'enya hicho humwagwa na seli za mzio zinapolipuka. Kikipanda kisha kikarudi chini, hakuna ubishi. Kilipanda, kikarudi.

Mimi nilishampata mkosaji. Nikaandika kwenye faili kwa herufi kubwa: SEFAZOLINI. Mkuu akauliza ilipita muda gani tangu niichome. Dakika ishirini na kitu. "Ya mshipani ingekuwa imembamiza ndani ya dakika chache. Nini kingine kimemgusa?" Nikataja vyote nilivyomchoma. Jeli sikuitaja, kwa sababu hainihusu, ni ya sista.

Wiki kadhaa baadaye vipimo vya ngozi vilirudi. Sefazolini, safi. Dawa za usingizi, safi. Klorheksidini, ile dawa ya kuua vijidudu, ikamuumua ngozi, na jeli ya mpira wa mkojo ilikuwa nayo. Taratibu inapenya kwenye utando laini wa njia ya mkojo, ndiyo maana ilichelewa. Na herufi zangu kubwa zingemnyima antibiotiki nzuri maisha yake yote, huku zikimrudisha kwenye jeli ileile.

Alipokuja kumaliziwa upasuaji nilimweleza yote, nikamwonyesha jina la klorheksidini lilivyoandikwa. Akalisoma polepole.

"Ndiyo hiyo ya kupangusia kabla ya sindano?"

"Mara nyingine huwa ndiyo hiyo."

"Si nilikwambia, daktari."