Siki, faili na bloki ya Kobe

Kipande chenyewe kina ukubwa wa kiganja cha mtoto. Miezi minane kilikaa kwenye droo ya vijiko, kimefungwa kwenye gazeti, na kila aliyekiona aliniambia nikitupe.

Ni kipande cha bloki ya Kobe. Kobe ni gari langu, Volkswagen Beetle ya mwaka 1968, injini ya sisi 1500, aliyoiacha marehemu baba. Ilinifia mkononi kati ya Hale na Muheza, saa saba mchana. Nilikuwa nimeisikia ikigonga tangu Segera, nikajifanya ni barabara. Baba angepaki chini ya mwembe wa kwanza. Mimi nilikuwa nawahi msiba. Kikapiga kishindo kimoja, moshi ukatanda, oili yote ikabaki kwenye lami.

Wanaozijua gari hizi wameshabashiri: silinda namba 3. Kwenye injini za miaka ile kipozea oili kimesimama ndani ya bati la feni, juu ya silinda hiyo, kwa hiyo hewa inayoifikia silinda ni haba na imeshapata joto. Kwenye matoleo ya 1971 Volkswagen wenyewe wakakihamisha. Kwangu valvu ya ekzosi ilikatika shingo, kichwa chake kikadondokea pistoni, pistoni ikasambaratika, na konrodi, mkono unaoshika pistoni, ikabaki inapiga hovyo mpaka ikatoboa bloki.

"Nunua injini nyingine, mwalimu," waliniambia wote. Sikutaka. Namba ya injini imegongwa kwenye bloki yenyewe, chini ya dainamo, inaanza na H, na ndiyo iliyoandikwa kwenye kadi ya gari. Halafu bloki ya Beetle ni nusu mbili, kama kifuu cha nazi kilichopasuliwa, zilizotobolewa zikiwa pamoja. Huwezi kuchukua nusu ya huyu ukaioza kwa nusu ya yule.

Fundi wa kwanza aliitazama akasema alumini hiyo, kesho njoo uchukue. Kwa bahati nilimwomba ajaribu pembeni kwanza. Alipougonga ule mchomeleo kwa nyundo ndogo ulikatika kama kashata, na ukang'oka na kipande changu kingine. Nilipakia bloki yangu nikaondoka.

Mzee mmoja wa Ngamiani, Tanga, ndiye aliyeniuliza swali lililonishangaza: "Nyumbani una siki?"

Alikwangua sehemu kwa faili mpaka ikang'aa, akadondosha siki. Ikachemka palepale, povu jeupe kama soda. Akadondosha nyingine kwenye pistoni kuukuu ya alumini: kimya. "Umeona? Hii ni magnesi. Ndugu yake alumini, ila huyu ana hasira." Akakusanya unga wa faili kwenye kizibo, akautoa nje, akauwasha. Mwanga mweupe ulitufumbisha macho. Tangu siku hiyo ndoo ya mchanga mkavu ilikaa mlangoni na mtungi wa maji ukahamishwa, maana magnesi ikishika moto maji huuchochea.

Kuchomelea kwenyewe kulifanyika Dar, kwa kijana mwenye mashine ya kuchomelea kwa gesi ya argoni na waya wa magnesi. Nusu zote mbili nilizisafirisha kwa basi, miguuni. Kazi kubwa ilikuwa kabla ya moto: siku mbili za kuosha, kwa petroli, kisha maji ya moto na sabuni, kwa sababu chuma hiki kimekunywa oili zaidi ya miaka hamsini na kikipashwa kinaitema. Alichonga kingo zikawa na mteremko, akakirudisha kipande changu mahali pake. Kiliingia kama jino. Akaipasha bloki nzima taratibu ndipo akaanza, akichoma kidogo na kupumzika sana.

Joto hilo lilipinda kidogo njia ya krenkshafti, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, na beringi ya katikati ilikuwa imeshalegea hata kabla ya ajali. Nusu zikafungwa pamoja, zikatobolewa upya kwa mstari mmoja, na beringi zikaagizwa zenye unene wa nje ulioongezwa nusu milimita. Hapo ndipo pesa ilipokwenda. Uso inapokalia silinda namba 3 nao ukasawazishwa.

Kuunganisha tulifanya Tanga. Kati ya nusu hizo hakuna gasketi, ni kupaka gundi nyembamba tu, kisha zile nati kubwa sita, kila moja inakazwa kwa nguvu ya niutoni mita 34. Mzee alinipa spana mimi. Kila nati mbili alinisimamisha, anazungusha krenkshafti kwa mkono kuona kama inateleza. Baada ya nati ya nne ikawa nzito. Tukafungua zote, tukakuta beringi moja haijakalia pini yake. Tukaanza upya, chai ikapoa.

Iliwaka Jumapili. Asubuhi nimetoa kadibodi niliyotandika chini: tone moja. Mzee anasema hilo linatoka kwenye kifuniko cha valvu. Jumamosi nampelekea aangalie.