Nyuma ya Ukuta wa Templeton

Treni ya kutoka Edinburgh ilinishusha stesheni ya Queen Street, mjini Glasgow, Uskoti, asubuhi, manyunyu yakianguka. Nikatembea hadi Glasgow Cross, penye mnara wa saa uliobaki peke yake katikati ya barabara, kisha nikashika njia ya bustani ya Glasgow Green. Majengo niliyoyapita karibu yote ni ya mawe ya mchanga, mengine mekundu, mengine rangi ya asali. Mimi nilikuwa na hamu na jengo moja tu, ambalo nilipoliona kwa mara ya kwanza kwenye picha nilidhani liko Italia.

Nililiona likiwa bado mbali, ng'ambo ya majani yaliyolowa. Ni ukuta mrefu wa matofali mekundu, umepambwa kwa udongo wa kuchoma, vigae vya kung'aa vya buluu na kijani, na nakshi za vijiwe vya rangi. Madirisha yana matao yaliyochongoka, juu yake yapo mengine ya duara, na nguzo zake zimesokotwa kama kamba. Kwenye ukingo wa paa kuna meno kama ya ngome. Mvua ilikuwa imeviosha vigae, na chini ya lile wingu zito rangi zake zilikuwa kali kiasi kwamba nilisimama njiani na mwavuli wangu, watu wakanipita kushoto na kulia.

Hiki kilikuwa kiwanda cha mazulia. James Templeton, aliyekuwa mtengenezaji wa shali katika mji jirani wa Paisley, alianzisha kampuni yake mwaka 1839 kwa ufumaji wa uzi wa shenili, jina ambalo kwa Kifaransa ni kiwavi, kwa sababu uzi wenyewe una manyoya. Hufumwa kitambaa kwanza, kikakatwa vipande vyembamba, kisha vipande hivyo vikafumwa upya kuwa zulia. Nilipoelewa hilo nilimkumbuka shangazi yangu na mkeka wake: unasuka ukili kwanza, ndipo unashona mkeka. Kazi ni mara mbili, na anayekalia mkeka haioni ile ya kwanza.

Inasimuliwa kwamba matajiri waliokaa kando ya bustani hawakutaka kiwanda mbele ya macho yao, na michoro ikakataliwa mara kadhaa. Ndipo wenye kampuni wakamwita msanifu William Leiper, naye akaleta sura ya Jumba la Doge, yaani mtawala wa zamani wa Venice, Italia. Lakini mapambo yote yako upande unaotazama bustani. Nilizunguka hadi pembeni nikaona jinsi ukuta ule wa fahari ulivyo uso tu, na nyuma yake mabanda ya kazi.

Na huko nyuma ndiko yaliko maneno ninayotaka kuyasema. Ijumaa ya tarehe 1 Novemba 1889, ujenzi ukiendelea, upepo mkali ulivuma. Ukuta haukuwa umefungamanishwa vizuri na jengo lililo nyuma yake. Ukaanguka juu ya banda la kufumia, na ndani wanawake walikuwa kwenye mitambo yao. Walikufa 29. Ujenzi ukaendelea, jengo likakamilika mwaka 1892, na ndilo hili tunalolipiga picha.

Sisemi uzuri wa Leiper ni wa uongo. Nimeshaona majengo mengi ya biashara ya enzi za Malkia Victoria, na sijaona lingine linalotumia rangi kwa ujasiri namna hii. Ila kwangu hauwezi kutenganishwa na wale waliokuwa nyuma yake, na inaniuma kwamba jina la msanifu linajulikana kuliko jina la mfumaji hata mmoja.

Siku hizi kuna ofisi humo na nyumba za kuishi, na nilipofika palikuwa na kiwanda cha bia chenye mkahawa. Nilipasha mwili kwa supu humo ndani, kisha nikatoka tena. Mbele ya jengo, kwenye majani, zimesimama nguzo za chuma walizotumia wanawake wa mitaa ya jirani kuanikia nguo zao. Hakuna kamba tena. Nilishika moja, ilikuwa baridi, rangi imebanduka.

Karibu na hapo kuna bustani ndogo ya ukumbusho yenye majina ya wale waliokufa. Nilifunga mwavuli nikayasoma yote, taratibu, kwa sauti, kama tunavyowataja marehemu wetu kwenye dua. Mama mmoja aliyekuwa akitembea na mbwa alisimama kando yangu, akanyamaza mpaka nilipomaliza.