Mlango wa Pili Baada ya Dirisha la Dawa: Siku Moja Maishani Mwangu

Saa 12:15 asubuhi. Hapa Dodoma mwezi Julai upepo huwahi kuamka kuliko watu, kwa hiyo napanda bajaji nikiwa nimejitanda mtandio mpaka puani. Mlezi wa bweni ameniandikia usiku kwamba binti mmoja alibanwa na pumu, akavutishwa dawa zahanati na kurudi chumbani salama. Wiki ya mitihani haijaanza na vifua vimeshaanza kubana.

Saa 1:30. Nafungua chumba changu katika zahanati ya chuo. Nilisomea uuguzi, lakini kwa miaka sita sasa kazi yangu ni unasihi wa wanafunzi. Zamani nilikaa ghorofani katika jengo la utawala, chini ya kibao cha "Ushauri Nasaha" chenye herufi ambazo hata asiyeona vizuri angezisoma akiwa uwanjani, na waliothubutu kupanda zile ngazi walikuwa wachache, tena walikuja jioni huku wakitazama nyuma. Tulipohamishiwa huku, mlango wa pili baada ya dirisha la dawa, benchi lilijaa bila tangazo lolote, kwa kuwa anayekaa hapo huenda anasubiri panadol, huenda anasubiri majibu ya UTI, huenda ananisubiri mimi, na jirani yake hana namna ya kujua.

Saa 2:00. Wa kwanza ni binti anayetaka kujua kama P2, kidonge cha kuzuia mimba baada ya tendo, aliyonunua duka la dawa bado itamsaidia. Kabla ya kuhesabu saa, namuuliza kama alichofanyiwa alikiridhia, kwa sababu jibu la "hapana" hubadilisha safari nzima: matibabu hapo hapo, fomu ya PF3 ya polisi na dawati lao la jinsia. Alikiridhia. Namweleza kwamba P2 ni ya dharura, kwamba kadiri anavyowahi ndani ya saa 72 ndivyo inavyofanya kazi vizuri, na kwamba haizuii Virusi vya Ukimwi. Kwa hilo kuna dawa nyingine, nayo huanzwa ndani ya saa hizo hizo 72 na kumezwa kwa siku 28. Anaondoka na muuguzi kwenda kupima na kuzungumzia kijiti, njia ya uzazi wa mpango inayowekwa mkononi.

Saa 3:10. Tabibu anaingia na faili mkononi. Kijana wa mwaka wa pili, ambaye sitataja ndaki yake, amekuja mara ya tatu katika wiki mbili akisema kichwa kinamuuma. Kipimo cha malaria hakijaonyesha kitu mara zote tatu, presha ni nzuri, macho hayana tatizo. "Nadhani ni wako," tabibu ananiambia.

Anakaa ukingoni mwa kiti kama mtu aliyekiazima. Nimejifunza kutokukidharau kichwa kinachouma, kwa sababu kinauma kweli, na kwa sababu ndicho tiketi pekee ambayo kijana wa kiume haoni haya sana kuionyesha. Namuuliza kinaanza kuuma saa ngapi. Alfajiri. Amelala saa ngapi? Hakulala. Anakula wapi? Hapo ananyamaza, anaanza kukunja na kukunjua kona ya kadi yake ya kliniki mpaka inakatika.

Hana chumba, anabebwa na rafiki yake, wawili katika kitanda cha futi mbili na nusu, na hulala miguu ikielekea kichwa cha mwenzake. Bumu, yaani ile shilingi 10,000 kwa siku kutoka Bodi ya Mikopo, ilipoingia alituma sehemu kubwa nyumbani, ambako mdogo wake anatakiwa shuleni. Sasa anakula mara moja kwa siku, ana sapu mbili, yaani mitihani ya kurudia, na anaamini atadisko, yaani ataondolewa chuoni kwa kufeli.

Nampa dodoso la maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita. Katika swali la tisa, linalohusu mawazo ya kufa, kalamu inasita, kisha anaweka alama kwenye "siku kadhaa". Namuuliza waziwazi kama amefikiria kujiua. Wenzangu wengine huogopa kwamba swali hilo litampandikizia mtu wazo. Halimpandikizii, na mara nyingi humtua mzigo. Anasema amefikiria, ila hajapanga chochote. Halafu ananiuliza kama nitamripoti polisi. Swali lake lina sababu: kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, na sidhani kama kuna sheria inayowafunga watu midomo hapa chumbani kuliko hiyo. Namhakikishia kwamba kufikiria si kujaribu, na kwamba siri yake nitaivunja tu maisha yake yakiwa hatarini, tena nikimwambia kwanza.

Tunatoka saa 4:40 na makubaliano madogo: tabibu amuone kuhusu usingizi, rafiki yake aelezwe, kaka yake apigiwe simu tukiwa wote, naye arudi kesho saa 2:00 asubuhi.

Saa 5:00 hadi saa 7:00 ni barua. Naandika kupendekeza ahirisho la mitihani kwa wanafunzi wawili bila kutaja ugonjwa, jambo ambalo karani wa idara hulilalamikia kila mwaka. Naandika pia rufaa ya kwenda Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, kwa binti anayesikia sauti. Mji huu una bahati ya kuwa na hospitali hiyo karibu, na una balaa la kuwa jina lake limegeuzwa tusi, hivyo nusu saa nzima imepita nikimweleza mama yake kwamba rufaa ni matibabu.

Saa 8:30. Waelimishaji rika, nao ni wanafunzi, wananionyesha bango jipya lenye neno "sonona", yaani ule ugonjwa wa huzuni nzito unaoitwa depression kwa Kiingereza. Ni Kiswahili sanifu, lakini katika miaka sita sijampata aliyeingia kwangu akasema ana sonona. Husema "nimevurugwa", "nina stresi", "siko sawa", au kichwa kinamuuma. Tunalibadilisha.

Saa 10:15 nafunga kabati la mafaili, ambayo juu yana namba bila majina.

Saa 2:50 usiku, nikiwa jikoni, simu inalia ujumbe. Ni yule rafiki mwenye kitanda. "Shikamoo mama. Amekula na amelala. Mimi ndiye sipati usingizi, namwangalia tu." Nazima jiko, namjibu kwamba amefanya vizuri, namwelekeza ampigie mlezi wa bweni usiku huu huu ili wapokezane, na namwandikia katika daftari la kesho, saa 4:00, namba mpya.