Shikamoo ya Ngamiani

Mama yake hakumleta kwangu, mtaalamu wa matamshi, kwa sababu ya kigugumizi. Alimleta kwa sababu mtaani kwao, Ngamiani, Tanga, walishaanza kusema mtoto hana adabu: anawapita wazee barazani kimya, hata shikamoo hatoi. Alikuwa na miaka 9. Maneno mengine aliyakwepa. Akitumwa kiberiti, hurudi na mshumaa. Lakini shikamoo ataibadili na nini?

Kigugumizi mara nyingi huanza kati ya miaka 2 na 5, na wengi huacha wenyewe. Aliyefika 9 nacho huenda akaishi nacho, kwa hiyo tulishughulika na woga.

Nilimpa kioo kidogo: aseme "shikamoo", na likikwama asilisukume, abaki hapo hapo. Tukaona wote wawili. Ulimi umebana kaakaa, shingo imekakamaa, macho yamefumba. Sh inataka upenyo mwembamba hewa ipite. Yeye alikuwa ameuziba. Ile "tulia, vuta pumzi" ya nyumbani, ya nia njema kabisa, ilimwongezea tu jambo la kukosea.

Kisha tukagugumiza kwa makusudi. Nilianza mimi, taratibu, bila kukaza: "Sh-sh-sh-shikamoo." Akacheka, akaiga, mara 20 hivi. Woga tukaupa namba, 0 hadi 10: kioo 1, mama 2, bibi wa maandazi 4, baraza la kahawa 9.

Hapo nikakosea. Siku ya tatu nilimtoa kwa mama nikampeleka moja kwa moja barazani. Wanaume sita, bao katikati, muuza kahawa anagonganisha vikombe. Sh ikaziba. Mmoja akammalizia: "Shikamoo, siyo? Marahaba!" Alidhani anamsaidia. Mtoto alitimua mbio, na wiki nzima hakutaka hata kukiona kile kioo. Neno lake lilikuwa limesemwa na mwingine mbele ya watu.

Tukarudi kwenye 4. Bibi nilimwomba mapema mambo mawili tu: amtazame usoni, asimmalizie.

Mtoto akafika, mia tano mkononi. "Shhh..." Ikabana. Zamani angerudi nyuma aanze upya. Safari hii alibaki ndani ya sauti ile ile, akalegeza taya, ulimi ukashuka kidogo, hewa ikapenya, naye akateleza nayo: "shhh-iii-kamoo, bibi." Kuteleza huko ni mbinu ya Charles Van Riper, mtaalamu wa kigugumizi Mmarekani aliyekuwa nacho mwenyewe. Sekunde 4 hivi. Kijiti cha kugeuzia maandazi kilikuwa kimesimama juu ya karai, mafuta yakidondoka.

"Marahaba, mjukuu wangu. Hujambo?"

"Sijambo. Nataka ma-ma-maandazi."

Njiani nikamuuliza, bibi sasa ni namba ngapi?

"M-m-mbili," akasema, akinitazama, macho wazi.