Siku moja maishani mwangu: nafukuzia kibali cha ukuta wa mzee, Moshono

Saa 11 na nusu alfajiri nishaamka, si kwa bidii, ni mbwa wa jirani. Nakaa Sakina hapa Arusha, kazi yangu ni kuchora ramani na kufukuzia vibali vya watu, injinia ninayefanya naye kazi ndo mwenye muhuri wa bodi ya wahandisi, mi ni miguu yake tu. Leo ni kibali cha ukuta. Ukimwambia mtu ukuta anawaza fensi, kozi kadhaa za tofali na geti, na mzee mwenye kiwanja naye alikuwa anawaza hivyohivyo mpaka mwaka jana mwezi wa nne kipande cha uwanja wake kiliposhuka usiku kwa jirani wa chini, pamoja na migomba.

Kiwanja kipo Moshono kwenye mteremko. Mzee alikata udongo kwa juu akajazia kwa chini apate sehemu tambarare, sasa udongo wa kujaziwa bila kushindiliwa ndo ule unakaa tu hapo unasubiri mvua. Anahitaji ukuta wa kuzuia udongo, mafundi wanaita ritening, wa mawe, kimo mita 3 na urefu mita 22. Na huu ni mwezi wa pili, masika inaingia mwezi wa tatu, kwa hiyo kila mwenye kiwanja cha mteremko Arusha amekumbuka ukuta wiki hii hii.

Saa 1 niko kwenye hais, saa 2 kasoro niko stesheneri mjini naprinti michoro A3. Dogo akabonyeza ile ya kubana ijae kwenye karatasi, skeli ya 1:50 yote ikapotea, na mi sikuangalia mpaka nishalipa. Nikaprinti tena. Elfu kadhaa hizo zimeenda, naendelea.

Ofisi ya mtaa nilifika saa 2 na nusu kuchukua barua, haikuchukua muda, mtendaji alikuwepo na muhuri ulikuwepo, siku ya bahati hiyo.

Saa 4 niko halmashauri. Faili langu nililiona limekamilika: fomu, nakala ya hati, risiti ya pango la ardhi, michoro seti zote, barua ya mtaa. Mbele yangu kuna jamaa ana kiwanja karibu na mto, anaulizwa umbali, anajibu "kama hatua 20 hivi mkuu", nikamhurumia maana Sheria ya Mazingira ya 2004 inasema mita 60 kutoka ukingo wa mto, hatua 20 hata uwe na miguu ya twiga hufiki. Katoka kimya.

Zamu yangu, dada wa uhandisi akachukua michoro, akairuka plani yote niliyoipamba siku tatu, akaenda moja kwa moja kwenye seksheni, ule mchoro unaoonyesha ukuta kama umekatwa katikati. Akaweka kidole nyuma ya ukuta.

"Maji ya huku yanatokaje?"

Nikajibu haraka maana hilo nalijua, kuna kokoto unene wa sentimita 30 nyuma ya ukuta, halafu matundu ya bomba la PVC inchi 3 kila baada ya mita moja na nusu.

"Sawa. Yakishatoka yanaenda wapi?"

Nikaangalia mchoro wangu mwenyewe. Mshale wa maji unatoka kwenye tundu, unaenda, unaishia ukingoni mwa karatasi. Na baada ya ukingo wa karatasi kuna jiko la mtu. Yaani nilikuwa nimemchorea mzee namna ya kummwagia jirani maji kwa utaratibu, tena kwa mabomba 14. Dada hakunikaripia, akasogeza kidole chini: "Na huu msingi upana wake mita 1.8, uso wa ukuta umeuweka juu ya mstari wa bikoni, mpakani kabisa, hizi sentimita 40 zinazotokeza mbele ziko kwa nani?" Kwa jirani. Akanirudishia faili, akasema rekebisha, ulete kesho asubuhi, mi mwenyewe nakuja kukagua Alhamisi.

Makosa ni yangu, sina wa kumtupia.

Saa 7 nikala makande pale nje nikimpigia injinia, akacheka kwanza, halafu akasema rudisha ukuta ndani, weka mfereji mbele yake ndani ya kiwanja cha mzee, upeleke maji mtaro wa barabara, mwinamo usipungue 1 kwa 100, yaani sentimita 1 kwa kila mita. Ukaupime, usiubuni.

Saa 8 na nusu niko Moshono na mpira wa levo begani, ule wa kuona ndani unaojazwa maji kupimia usawa. Shikamoo mzee, marahaba kijana, kibali kimetoka? Nikamwambia ukuta unarudi ndani kama sentimita 80, ili msingi na mfereji vibaki kwake. Akanyamaza. Akapiga hesabu kichwani, 22 mara 0.8, mita za mraba 17 na ushee, akataja bei aliyonunulia kiwanja mwaka ule na bei ya sasa, akauliza kwa nini mawe yasibane tu yakawa membamba. Nikamwambia mzee, tatizo lako si mawe, ni maji, hayo mabomba yakiziba maji yakajaa nyuma ya ukuta wa mita 3, kila mita moja ya urefu wake inasukumwa na kama tani 4 na nusu za maji peke yake, udongo sijahesabu. Hapo alikaa kwenye ndoo.

Sasa kupima mwinamo wa mfereji lazima ushuke chini, na chini unapitia kwa mama jirani, na mzee na mama hawasalimiani tangu ile migomba. Nikaenda mimi. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, karibu. Nilipomwambia ni habari ya ukuta akaniuliza swali lilelile la yule dada, maji mnaleta huku? Nikamwambia hapana mama, ndo nimekuja kupima yasije, ila nahitaji mtu wa kunishikia mpira upande wa mtaro. Akavua khanga ya kichwani akaifunga kiunoni akashika.

Mi upande wa mtaro namwonyesha mama pa kusimamia, na kona ya mbali ya ukuta inatakiwa mtu mwingine. Mzee alikuwa amesimama juu anaangalia. Akashuka, taratibu, na fimbo yake, akashika ncha ya pili bila kuambiwa. Nikawa nakimbia katikati kutoa mapovu ya hewa kwenye mpira, wao kila mmoja anasema maji yake yako wapi, "kwangu yametulia", "panda kidogo", "hapo hapo". Tulipata kushuka sentimita 35 kwa mita 22. Inatakiwa angalau sentimita 22. Inatosha.

Wakati nakunja mpira mama akamwambia mzee bila kumwangalia kwamba ile migomba iliyoshuka alishaipanda vizuri nyuma ya jiko na mmoja umezaa. Mzee akasema "aah". Mama akaingia akatoka na chane, akanipa mimi.

Saa 12 jioni nilipanda na mzee juu, mi nimebeba ndizi za mzee mwenyewe, akaziangalia akacheka kidogo kwa puani. Saa 2 usiku niko kwenye kompyuta nachora mfereji upya, mshale safari hii unaishia kwenye mtaro na nimeandika MTARO WA BARABARA kwa herufi kubwa. Umeme umekatika mara moja, nimeseivu.