Kumbukumbu ya mradi wangu: wiki 12 za kufunga, wiki 12 za milo mitatu

Kabla ya kuanza

Mradi huu ulizaliwa Ramadhani. Siku ya kwanza ya mfungo nilipanda mizani: kilo 84.6. Asubuhi ya Idd nikapanda tena: 84.9. Mwezi mzima nimefunga tangu alfajiri hadi magharibi, zaidi ya saa 13 kwa siku bila tone la maji, na uzito umeongezeka. Funga ya Ramadhani ni ibada, siifungi kwa ajili ya mizani. Lakini swali lilinikaa kichwani. Kama kufunga kunapunguza mwili kama wanavyosema, mbona nguo yangu ya Idd ilinibana kwapani?

Jibu la kwanza lilikuwa mkekani. Futari yetu hapa Tanga ni uji wa pilipili manga, mihogo ya nazi, tambi za sukari, kaimati na samaki wa kukaanga. Saa nne usiku wali. Kisha daku. Mchana wote tumbo tupu, usiku tunalipa deni na riba.

Mimi ni fundi cherehani, Ngamiani. Kazi yangu ni ya kukaa, na urefu wangu ni sentimita 158. Nilipomaliza Sita za Shawali nilijiwekea utaratibu. Wiki 12 za kwanza nakula kati ya saa 6 mchana na saa 2 usiku tu; muda mwingine wote maji au chai ya rangi isiyo na sukari. Wiki 12 za pili narudi kwenye milo mitatu niliyolelewa nayo, ila napunguza kiasi. Mizani kila Ijumaa asubuhi kabla ya kunywa chochote. Kiuno nakipima kwa futi kamba ileile ninayopimia wateja.

Awamu ya kwanza: kufunga kwa saa

Wiki ya 1. Kutoka 84.3 hadi 82.9. Nilifurahi mno, nikawatangazia majirani. Baadaye ndipo nikaelewa kwamba mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa na gramu kama tatu za maji. Ukipunguza kula ghafla, akiba inatumika na maji yake yanatoka. Sehemu kubwa ya furaha yangu ilikuwa maji.

Wiki ya 2. 82.7. Kichwa kinauma ikifika saa nne asubuhi.

Wiki ya 4. 83.3. Imepanda! Na saa sijavunja hata siku moja.

Hapa nilikaa chini nikaandika. Nilichukua kurasa za mwisho za daftari la vipimo nikaorodhesha kila kilichoingia mdomoni kwa siku tatu. Siku ya pili ndiyo iliyonifumbua macho. Saa 6 mchana, wali wa nazi sahani imejaa, maharage na soda. Saa 9, vitumbua vinne na chai ya maziwa, sukari vijiko vinne. Magharibi, ugali na samaki. Halafu saa 2 kasoro dakika kumi nimesimama jikoni, mvua ya masika inapiga bati, nakwangua ukoko wa wali wa mchana kwa mwiko huku jicho liko kwenye saa ya ukutani. Njaa sikuwa nayo. Nilikula kwa kuogopa asubuhi.

Kumbe saa nilikuwa nazihesabu, chakula sikihesabu. Ni futari ileile, imehamia mchana.

Wiki ya 5. Sheria mpya: chakula cha jioni napakua mara moja, sufuria naiosha hapohapo. 82.5.

Wiki ya 8. 81.8. Mama yangu, ninayekaa naye, alitaka tufunge pamoja. Ana kisukari na anatumia dawa za kushusha sukari. Nilimpeleka kliniki tuulize kwanza, na nesi akakataa bila kusitasita: dawa inafanya kazi ule usile, na ukikaa saa 16 bila chakula sukari inaweza kushuka hadi ukaanguka. Naliandika hili kwa uzito wake. Mwenye kisukari anayetumia dawa, mjamzito, anayenyonyesha, msianze jambo hili kwa kusikia tu. Nendeni mkaulize.

Wiki ya 12. 81.0. Kiuno kutoka inchi 40 hadi 38 na nusu. Nimepungua kilo 3.3.

Mapumziko ya wiki mbili

Nilikula bila mpango wowote, mizani ikasoma 81.4. Usiku nilisoma tafiti, nikakuta kuna wenzangu wengi.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walitoa mwaka 2020 matokeo ya watu 116. Saa zao ndizo zangu: saa 6 mchana hadi saa 2 usiku, wiki 12. Waliofunga walipungua wastani wa kilo 0.94, waliokula milo mitatu kilo 0.68. Tofauti hiyo ni ndogo mno, haiwezi kuhesabiwa kuwa ni kazi ya mfungo. Kilichonishtua zaidi ni wale waliopimwa mwili kwa kina: kwa waliofunga, karibu theluthi mbili ya uzito uliopotea haukuwa mafuta, bali nyama ya mwili, misuli ikiwemo. Nikaanza kula yai kila siku, dagaa mara tatu kwa wiki, na ndoo za maji nikazibeba mwenyewe kutoka bombani.

Mwaka 2022 ukaja utafiti wa Guangzhou, China, watu 139 wenye unene uliozidi, mwaka mzima. Wote walipunguziwa kalori sawa. Kundi moja likabanwa pia kula kati ya saa 2 asubuhi na saa 10 jioni. Kilo 8.0 kwa waliobanwa saa, 6.3 kwa wengine, na kitakwimu makundi hayo hayakutofautiana. Huo ndio ninaouamini zaidi, kwa sababu ulitenganisha saa na chakula. Chakula kikiwa sawa, saa haziongezi kitu cha maana.

Awamu ya pili: milo mitatu

Nilianza na sukari. Kijiko kimoja cha chai ni gramu 4, kalori 16. Vijiko vinne kwa kikombe, vikombe vitatu kwa siku, ni kalori kama 190, na sikuwahi kuziita chakula. Nikashuka hadi vijiko viwili, kisha kimoja, kisha iliki na tangawizi peke yake. Mafuta ya kupikia nayo, kijiko kimoja cha chakula kina kalori kama 120. Nilikuwa namimina kutoka kwenye dumu, sasa napima. Wali nusu sahani, nusu nyingine mchicha au kisamvu.

Wiki ya 3. 80.7. Hakuna maajabu ya wiki ya kwanza safari hii, unashuka polepole.

Wiki ya 7. 79.9. Harusi mbili mfululizo. Pilau nilikula, nikatosheka na sahani moja.

Wiki ya 12. 78.2. Kiuno inchi 37. Nimepungua kilo 3.2.

Kwa hiyo 3.3 kwa kufunga, 3.2 kwa kula kama kawaida na kupunguza. Mimi ni mtu mmoja, na awamu ya pili ilianza nikiwa nimeshajifunza mengi. Lakini namba zangu na za Guangzhou zinaelekea upande mmoja.

Mimi nabaki na milo mitatu. Wakati nafunga, mama aliniambia, “Mwanangu, chai ya asubuhi sasa nainywa na nani?” Nilikaa naye barazani na kikombe cha maji, na haikuwa sawa. Mume wangu, dereva wa bajaji, ameshika kufunga kwa saa. Kupima vijiko kunamchosha, na kifungua kinywa barabarani kilikuwa chapati tatu na supu. Kimeondoka chote, na mkanda umeingia tundu mbili. Utafiti wa Chicago wa mwaka 2023 unampa haki: waliobana saa za kula bila kuhesabu chochote walipungua karibu sawa na waliohesabu kalori kila siku kwa mwaka mzima. Sitambishia.

Kinachofuata

Jana nimefumua ile nguo ya Idd, nimeipunguza inchi mbili ubavuni. Ramadhani ijayo nitapima tena, siku ya kwanza na asubuhi ya Idd. Mihogo itapikwa na tui jepesi. Kaimati zitakuwepo, tatu kwa kila mtu. Nimeshakubaliana na mama.